Bati Kumi na Moja

Waraka ulifika Kiloleni mwezi wa Oktoba,
mwezi ambao hata kunguru huachama mdomo asilie.
Ukabandikwa kwa uji mzito wa sembe mlangoni pa ofisi ya mtaa:
KILA KAYA IVUNE MAJI YA MVUA.
Asiye na tangi hadi mwisho wa mwezi, faini elfu hamsini.

Mama aliusoma mara mbili, kidole kikifuata mstari.
"Kuvuna," akasema. "Na aliyepanda ni nani?"

Paa letu ni bati kumi na moja:
tisa za tumbaku ya mwaka ule mzuri,
mbili za kuokota, zenye matundu ya misumari ya nyumba nyingine.
Jikoni ni nyasi. Nyasi hazikupi maji,
zinakupa chai ya rangi ambayo hukuiagiza.

Igombe, wanasema, limeshuka hadi kikaonekana
kisiki kilichozamishwa kabla sijazaliwa.
Bomba la mtaa hutoa Jumanne usiku, likipenda.
Ukilifungua asubuhi linakohoa,
na mita, Mungu aisamehe, inahesabu kila kikohozi.
Mwezi uliopita tulilipia uniti sita za hewa.
Mama aliibeba bili hadi dirishani, akauliza
kama hewa hiyo inaivisha maharage.
Karani alicheka.
Kisha akagonga muhuri.

Mfereji dukani ni elfu ishirini na mbili kipande,
na paa lilitaka vipande viwili.
Ndipo Mama akatazama juu ya kichanja,
ulipolala mzinga wa Baba,
gogo la mninga alilolichimba mwenyewe kule Ipole,
lililorudi nyumbani mwaka ambao yeye hakurudi.
Hakuna aliyewahi kuuhamisha.
Aliazima shoka kwa jirani. Mimi nilitoka nje.

Niliporudi ulikuwa nusu mbili,
ndani nta nyeusi, na nyuki mmoja mkavu
aliyebaki akilinda kitu.
Mama akazifunga kwa kamba za gome la myombo
chini ya ukingo wa bati, moja ikimwagia nyingine,
na mwisho wake pipa la bluu lililowahi kubeba dawa ya tumbaku,
tulilolisugua kwa mchanga na majivu siku nne,
hadi Mama akasema basi, halafu tukalisugua tena.

Bwana Sizya alikuja na pikipiki na daftari.
Akatazama mfereji. Akaligonga pipa kwa kalamu.
"Hili si tangi. Waraka unasema lita elfu tano."
"Na mvua," Mama akauliza, "waraka unasema itakuja lita ngapi?"
Akaandika kitu kirefu. Hatukuonyeshwa.
Vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu,
bila haraka, kama mtu mwenye mshahara.

Ilikuja usiku, katikati ya Novemba, dakika ishirini labda.
Mama alitoka na khanga moja,
akaupotosha mdomo wa mfereji kando ya pipa.
"Haya ya mwanzo ni ya vumbi na ya njiwa. Yaacheni yapite."
Mgalula akalia, kuona maji yakienda hivihivi.
Kisha Mama akaurudisha,
na mvua ikapita tumboni mwa mzinga
ikaingia pipani ikinukia nta.
Tulikunywa palepale, kikombe kimoja, gizani,
tukipokezana.
Hakuna aliyesema neno juu ya ladha.

Asubuhi Mama aliandika ukutani kwa mkaa: lita mia na tisini.
Kabla ya saa tatu mtoto wa Bwana Sizya yupo mlangoni,
dumu la njano mkononi, macho chini.
Kota za serikali zina vigae vizuri;
mifereji hazina, waraka hauzihusu.
Mama alimjazia mpaka shingoni, akamtwika,
akamwambia apite njia ya kivulini.
Halafu akarudi ukutani, akaandika:
toa ishirini. Serikali.

Faini ililetwa Desemba. Hatujailipa.
Mfereji unavuja pale shoka lilipokosea,
na chini yake tumetega sufuria.